Anayeijua Mikono ya Shatha

Buthaina alifika Gando akitanguliwa na sheha, kama taratibu zinavyotaka: mgeni wa kazi haingii nyumba ya watu bila mkuu wa shehia. Alikuwa na miezi mitatu tu katika shirika la kuwatetea wanawake wenye ulemavu, na hilo la sheha ndilo pekee alilokuwa na hakika nalo.

Shatha, mwanamke aliyekuja kumwona, alikaa mkekani, mkono wa kushoto umevimba. Alizaliwa kiziwi, na shule hakupelekwa. Lugha ya alama aliyojifunza Buthaina chuoni aliitazama kama mtu anayetazama kuku akichakura. Alama zake mwenyewe alizielewa mtu mmoja tu: Bi Asya, mama wa mumewe.

"Muulize nani kamuumiza," Buthaina alisema.

Bi Asya akauliza kwa vidole. Shatha akajibu kwa mikono, kwa kirefu.

"Kaanguka kisimani akiteka maji."

"Maneno yote yale, Bi?"

"Kaanguka vibaya."

Sheha Othman akacheka. "Mwanangu, usitafute mwizi penye panya. Nizar huyo mumewe ni mtoto wa marehemu ndugu yangu. Nimemlea mimi."

Hakuna aliyemwambia Buthaina hilo. Akakumbuka kanuni: mkalimani asiwe mtu wa nyumba ile ile. Basi akamwomba Bi Asya atoke nje. Shatha akaidaka kanga ya mkwewe kwa mkono mzima, akalia kwa sauti nzito isiyo na maneno.

"Umesoma, mwanangu, ila wataka kumkata ulimi," Bi Asya alisema bila hasira.

Buthaina akamwashiria akae. Amwogope nani, amwamini nani?

Ikaadhiniwa alasiri. Sheha akaenda msikitini. Bi Asya akasikiliza hatua za kubadhi zake hadi zilipopotea njiani.

"Waniletea sheha, shemegi yangu, kitako hapa, kisha waniuliza nani kampiga?" Akashusha pumzi. "Ni Nizar. Kwa mchi. Mara ya tatu hii."

"Kasema yeye, au wasema wewe?"

"Kasema yeye. Na mimi nlikuwapo."

Kinywa ni kile kile kilichosema kisima. Buthaina akamgeukia Shatha, akamwonyesha gari la shirika mlangoni, la kuwapeleka polisi Wete, akafungua viganja: unataka?

Shatha akainuka. Akatungua baibui msumarini, lakini hakulivaa. Alimnyooshea Bi Asya.

"Nizar nimemzaa mimi," Bi Asya alisema, akilitazama baibui. "Huko polisi Wete nikaseme nini?"

"Atakachosema Shatha."

"Hata kwamba ni mwanangu kampiga?"

"Hilo hasa, Bi."

Bi Asya akalivaa polepole, mkono mmoja, kisha wa pili. Garini Shatha alikaa kati yao. Buthaina hakujua kama anaokoa mtu au anavunja nyumba. Alimwambia dereva aondoke kabla watu hawajatoka msikitini.