Mwenye Kamera Kasimama Tu

Mama yangu hajawahi kutazama runinga kimya hata siku moja. Anaigombeza kama vile waliomo ndani ni wajukuu zake. Ana sinema yake ya zamani anayoipenda kuliko zote, haina hata rangi, na ndani yake kuna mwalimu mmoja mpole anayepanda gari la mwanamume mwenye masharubu na huko mbele anajuta. Tumeitazama mpaka diski imechubuka. Kila mwalimu akishika mlango wa gari, mama anainuka nusu kwenye kochi. "Usipande, mjinga wewe. Usipande." Anapanda. Mama ananuna jioni nzima. Nikimkumbusha kwamba anaujua mwisho wake, ananijibu kuwa huenda leo akasikia.

Hilo nilishalizoea. Kilichokuwa kinanitoa roho ni filamu za wanyama za Jumapili mchana. Swala akikamatwa, kifaranga akidondoka kutoka kwenye kiota, mama hamlaumu chui wala upepo. Anamtafuta mtu mmoja tu.

"Na huyo mwenye kamera? Kasimama tu?"

"Mama, ndiyo kazi yake."

"Kazi gani ya kusimama? Mtu mzima, ana mikono miwili, ana gari, anamwangalia mtoto anakufa."

Basi nitaeleza mimi, niliyekwisha kueleza mara zisizo na idadi. Kwamba ukimwokoa swala umemnyima chui chakula. Kwamba pori lina mambo yake. Nilikuwa nawatetea watu hao wa kamera utadhani wananilipa. Mama alikuwa mkunga maisha yake yote, kukaa na kutazama hakujui, kwa hiyo maneno yangu yaliingia sikio hili yakatokea lile. Siku moja, akiwa anamenya chungwa, alitoa hukumu: mtu wa namna hiyo asikanyage mlango wake.

Halafu mimi, kati ya wanaume wote walioko duniani, nikaenda kumpenda mwenye kamera.

Nashona viti vya magari na maturubai. Karakana yetu iko nyuma ya kituo cha mafuta, na siku moja alikuja na begi la kamera lililokufa zipu. Wateja wangu wote hunifundisha kazi: vuta hapa, kaza pale, mbona uzi mweusi. Yeye alikaa kwenye kiti kisicho na mgongo, akatulia kama maji ya mtungi mpaka nikamaliza. Ukimya huo ulinikosha. Umri wangu umesogea, shangazi zangu wameshaacha hata kuniuliza, na mtu aliponiambia anataka kunioa nilikubali kabla hajafunga mdomo. Kilichobaki ni mama. Siolewi bila baraka zake. Si kwamba ni sheria, ni kwamba naishi naye na nampenda, pamoja na kelele zake.

Kwa hiyo nilimpanga mchumba wangu. "Ukifika, sema unafanya kazi ya umeme."

"Lakini mimi si fundi umeme."

"Kamera yako inatumia betri au haitumii?"

Alikuja Jumapili, shati limenyooshwa. Akamwamkia mama shikamoo kwa mikono miwili, mama akaitikia marahaba kwa sauti ya kumpima. Nilikuwa nimeficha rimoti chini ya mto. Mama akainyoosha mikono yake chini ya mto huohuo kama mtu anayetafuta yai, akawasha. Kabla ya hapo alishamwomba mgeni aitazame swichi ya jikoni inayocheza. Mchumba wangu aliikodolea macho ile swichi, akasema inahitaji kipuri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwenye runinga walikuwepo kasa wachanga. Wametoka kwenye mayai, na badala ya kuelekea majini wanafuata taa za barabara. Magari yanapita. Nikajua yanayokuja.

"Haya," mama akaanza. "Mwenye kamera yuko wapi? Si awaokote tu? Ndoo ingetosha."

Nikamminya mchumba wangu mguu. Hakusikia, au alisikia ikamshinda.

"Hairuhusiwi, mama," akasema.

Mama akazima sauti. "Hairuhusiwi na nani?"

"Na kazi yenyewe. Ukigusa, unakuwa umeharibu."

"Na umeyajuaje haya, fundi umeme?"

Akanitazama mimi. Nikatazama zulia. Akaweka kikombe chini, akasema ukweli wote: kazi yake ni hiyo, filamu za wanyama, tangu ujana wake. Uongo wa umeme hakusema ni wa nani, na hapo nilizidi kumpenda.

Mama hakupandisha sauti. Hilo lilinitisha kuliko kelele. "Na wewe umewahi kusimama hivyo?"

"Nimesimama, mama. Kuna ndama wa nyati alikwama kwenye tope, bwawa limekauka."

"Mama yake?"

"Alingojangoja, kisha akaondoka na wenzake."

"Kwa hiyo hapakuwa na wa kukudhuru."

"Hapakuwa na mtu wala mnyama."

"Gari mlikuwa nalo? Na kamba?"

"Kamba ilikuwepo."

"Akafa?"

"Akafa."

Nikasubiri. Nilikuwa nimeshajiandaa kumtetea, maneno yako mdomoni, yaleyale ya chui na chakula chake, ingawa sikumwona chui yeyote katika habari hii. Nilikuwa tayari kugombana na mama yangu mpaka jua lizame.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Miaka yote nauliza," akasema. "Nauliza, nauliza, huyu binti yangu ananiona nimechanganyikiwa. Leo mmoja wao kanijibu." Akamwongezea chai, akamsogezea sahani ya biskuti yote. "Ulikosea lakini. Siku nyingine shuka na kamba yako."

"Sawa, mama."

"Haya. Mnafunga ndoa lini?"

Yaani imekwisha hivyo. Nimekosa usingizi, nimetunga uongo, nimemdhalilisha mtu mbele ya swichi, na kumbe mama alichotaka ni kujibiwa tu. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekeze nani. Nilikuwa namwona yule ndama. Sikuwahi kumwona kwelikweli hata mmoja kati ya wale wote mama aliowalilia, na huyu, ambaye hakuwepo hata kwenye runinga, nilimwona mpaka tope la kwenye kope zake.

"Ulimwangalia mpaka lini?" nikamuuliza mchumba wangu.

"Mpaka mwisho."

"Kutwa nzima?"

"Na kesho yake." Akachovya biskuti kwenye chai, ametulia, mzigo umemtoka. Akanitabasamia. "Tulikuwa na bahati, mwanga ulikuwa mzuri."

"Mwache mgeni anywe chai yake," mama akanikaripia. "Baba, nilikuuliza: ndoa lini?"

"Mwezi ujao, mama, tukijaliwa," akasema, kisha akanigeukia nithibitishe. Mama naye akanigeukia, uso umemchangamka kama sijawahi kumwona.

Nikasema tungoje kidogo. Mama akauliza tungoje nini, nami nikachukua rimoti nikairudisha sauti ya wale kasa.