Kuvu Zilizovuka Itoka

Wachuka alikuwa akimenya viazi nje ya jiko lake, Gatitu, alipoona kwamba mparachichi mchanga ulio kando ya tangi umezaa plamu. Tawi la pili lilikuwa na matufaha, la tatu maparachichi yenyewe. Alimaliza kumenya, akainjika sufuria, ndipo akaenda kuchuma.

Miti iliyostahili kuzaa matunda hayo ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Aliipanda Gicheru, marehemu mumewe. Gicheru alipozikwa tu, ndugu yake Wahome aling'oa itoka, yale maua ya mpaka ambayo mtu mwenye haya hayagusi, akayapanda upya upande huu wa miti, miti ikaangukia kwake.

Wachuka akafukua udongo. Kuvu zilikuwa kazini. Nyuzi nyeupe zilibeba maparachichi kutoka ng'ambo, za manjano plamu, na zile za kijivu, nyembamba kuliko nywele za mtoto, zilisukuma matufaha polepole zisiyachubue. Zilipokutana zilipishana. Ukweli usemwe: Nyeri nzima hakuna kibarua wa kuzifikia, na foleni ya benki haina adabu hiyo.

Wazee wakaitwa. Walipiga magoti wakazitazama, wakazisifu, wakala plamu.

"Hizi kuvu zinajua shamba ni ya nani," Wachuka alisema.

"Zinajua, mama," Mzee Ndungu akajibu, akitema kokwa. "Lakini sisi tunafuata itoka, na itoka iko hapo."

"Na ni nani aliiweka hapo?"

"Ati nani? Itoka haiulizwi."

Matunda yakawa ya Wachuka, ardhi ikabaki kwa Wahome. Wahome hakuridhika. Aliikata miti yote, akaacha visiki.

Baada ya hapo mparachichi wa Wachuka ukaanza kunyauka. Alifukua tena, akakuta kuvu zimegeuka: zilikuwa zikichota utomvu wa mti wake na kuupeleka visikini, kila rangi kwa kisiki chake. Akashika jembe azikate, kisha akaona kisiki kimoja kimetoa majani mawili. Akaliweka jembe chini.

Wahome alikuwa ng'ambo, akipima machipukizi kwa kiganja.

"Shemeji, miti yangu inakuja vizuri."

"Nimeona," Wachuka alisema, akaumwagilia mparachichi wake ndoo nzima ya maji, kuvu zisikose cha kubeba.