Karani wa Saa Nne

Mbwa wetu tulimwita Karani kwa kuwa alijua saa kuliko mwenye nyumba. Kwa miaka mitatu alishinda na mama yangu, wao wawili tu. Kisha kibanda changu cha ushonaji kikabomolewa kupisha barabara, nikaleta cherehani sebuleni. Mwezi uleule mke wangu, anayepokea simu za wateja wa benki, akaambiwa afanyie kazi nyumbani. Nikadhani Karani atafurahi kupata watu.

Wapi! Kila siku saa nne asubuhi alibweka jikoni, kisha akaja mbio kuniuma upindo wa suruali na kunivuta. Nikimfukuza, anarudi jikoni, anabweka, anakuja tena. Mara sauti ya mama: "Nimeamka, nimeamka!" Ndipo anatulia.

"Zamani alikuwa ananibwekea mimi tu," mama aliniambia. "Sasa kapata wa kuwaita."

"Kwani anakuamsha ya nini?"

Akatazama mikono yake. "Nikishabandika chai, kausingizi kananipitia. Uzee huu, mwanangu."

"Basi una saa yenye mkia," nikasema, tukacheka. Kwa utani sijambo. Sikuuliza chai inakuwaje yeye akiwa amelala.

Jioni moja mke wangu alitoka chumbani macho mekundu. "Mume wangu, msimamizi kanipa onyo la mwisho. Mteja kauliza kama benki imehamia bandani. Mbwa akisikika tena, kazi sina."

Kazi yake ndiyo iliyokuwa inatulisha sote. "Niachie mimi," nikasema.

Kesho yake, kabla ya saa nne, nikamfunga Karani kwenye nguzo ya uzio, nyuma kabisa. Nikafunga dirisha la jikoni ili sauti isipite, nikashindika na mlango. Mama alikuwa kwenye kiti chake kifupi kando ya jiko la gesi, sufuria mkononi.

"Unanifungia kama kuku?"

"Kidogo tu, mama. Mkweo yuko kwenye simu."

Saa nne Karani akaanza. Alibweka mpaka sauti ikamkauka, akabaki kulia, na nguzo nikaisikia ikitikisika. Mimi mafua ya vumbi la vitambaa yalikuwa yameniziba pua. Kwa hasira nikakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, nimshinde kelele. Baadaye akanyamaza.

"Ameshazoea," nikamnong'oneza mke wangu alipochungulia mlangoni. Akaninyooshea dole gumba, simu sikioni.

Saa sita nikaenda jikoni kudai chai yangu. Maziwa yalikuwa yamefurika na kuzima moto, na kitasa cha kufungulia gesi kilikuwa wazi mpaka mwisho. Mama alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Nilimwita mara nyingi kabla ya kukubali.

Majuto ni mjukuu, husemwa; yangu yalizaliwa palepale, na sijapata pa kuyaweka. Mke wangu hakufukuzwa. Msimamizi alimpa pole na siku saba za msiba, akamsifu kwamba simu za siku ile zilikuwa na utulivu wa kupigiwa mfano.

Kamba ilimwachia Karani kovu shingoni. Siku hizi hafungwi, na hakuna anayemkataza kubweka. Saa nne ikifika anaingia jikoni, anakitazama kile kiti kifupi, kisha ananitazama mimi. Habweki. Mimi ndiye ninayeinuka kwenda kupapasa kitasa, ingawa tangu siku ile jiko hilo hatujaliwasha.