Mama Aliyechoka Kukaa Juu ya Bati

Usiku wa jana niliota kwamba picha yangu ya mafuriko inakohoa. Niko kwenye chumba changu cha kuchorea, Morogoro, nimevaa suti, miguu peku. Picha imeegemea ukuta, tayari kwa maonyesho. Ndani yake kuna maji ya kahawia, paa moja la bati, na mama mmoja aliyekaa juu ya paa na sufuria yake. Ndiyo picha yangu bora. Watu wakiiona hulia, nami wakilia hufurahi, Mungu anisamehe.

"We mchoraji," mama anasema, "nitashuka lini?"

Mama huyu nilimwona kwa macho yangu mwaka jana, nikiwa ng'ambo ya mto. Nilimchora haraka haraka, nikapanda gari, nikaondoka. Sijawahi kujua kama alishuka, na jambo hilo linaniuma.

"Mwaka mzima makalio yananiungua juu ya bati, wewe unapigiwa makofi," anaendelea. "Leo binti yangu Sikuzani anaolewa, na pilau la harusi ndilo hili. Likipoa, watanisema mpaka kiama."

Ni kweli, sufuria inafuka mvuke. Naona aibu, na njaa pia.

"Kuna boti ya uokoaji," namwambia. "Niliichora kule nyuma."

Boti inakuja. Inafika kwenye paa, na bado ni ndogo kama haragwe. Nahodha anapiga saluti.

"Karibu upande, mama."

"Nipande kwa kidole kipi?"

"Sisi tulichorwa mbali," nahodha anajibu. "Cha mbali huwa kidogo. Hatuna kosa, kanuni ni ya fundi."

Wote wananitazama. Hata sufuria.

Mama ndiye anayepata akili. "Basi mimi niende huko huko mbali, nipungue. Fundi, ongeza paa."

Kuongeza paa ni kuiharibu picha, maonyesho ni kesho, na rangi iliyobaki ni pinki peke yake.

"Bati la pinki kwenye mafuriko?" nauliza. "Nani atalia?"

"Kwani lazima mtu alie?"

Nachovya brashi. Napiga bati la pinki, mama anakanyaga. Napiga jingine, anakanyaga, anapungua. Kufika bati la tisa ni mdogo kama siafu, na sufuria yake kama kichwa cha pini. Boti imerudi kumngoja huko nyuma; anapanda bila kumwaga hata punje moja, kisha anapiga vigelegele vyembamba kama mlio wa mbu.

"Harusi iko wapi?" nahodha anauliza.

"Picha ya pili, ile ya ukame," mama anajibu. " Huko viti havididimii."

Boti inavuka fremu, inaingia picha yangu ya ukame iliyoegemea kando, na maji yanaifuata. Ng'ombe niliowachora mifupa mitupu wanakunywa, wanacheua, wananenepa mbele yangu bila kuniomba ruhusa. Mara niko harusini. Mama amesogea karibu, amekuwa mkubwa tena, anapakua. Yeye na Sikuzani mikono imejaa hina, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nakula sahani tatu, na ng'ombe mmoja ananiambia nisione haya, niongeze. Sijapata kuifurahia kazi yangu namna hii.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda mbio chumba cha kuchorea, nikaikuta picha vilevile: maji, bati lenye kutu, mama na sufuria. Pinki haikuwapo popote. Moyo ukaninywea. Nikachukua brashi niweke sahihi, maana gari la maonyesho lilikuwa njiani.

Chini pembeni, mahali pa sahihi, palikuwa na alama ya dole gumba, ndogo kuliko punje ya ulezi, kama ile wanayoweka watu kwenye daftari la msaada wakishapokea. Ilikuwa ya hina. Niliigusa, na ilikuwa bado mbichi.