Kigoda cha Mteremko

Mwalimu Reginald alikuwa na wivu wa kawaida tu, mpaka Mwalimu Aikande alipohamia pale shuleni Engutoto. Hapo wivu ukaota mapembe. Jirani zake wanasema asubuhi alikuwa akiutazama uji, unachemka upya bila moto.

Kisa kilikuwa ufunguo wa karakana. Tangu somo la Ubunifu na Teknolojia lianze pale, ufunguo ulining'inia shingoni kwake, na kila mwanafunzi wa kidato cha pili alichonga kigoda kilekile, kwa vipimo vyake yeye. Aikande, binti anayeshika msumeno kama anashika mwiko, akaja na yake: nendeni kwanza kwa mtu, mkamuulize shida yake, ndipo mguse mbao. Wanafunzi wakamfuata kama kuku wamfuatavyo mwenye mahindi. Reginald walimpa shikamoo huku macho yao yakiwa kwa Aikande.

Mkuu wa shule, Madam Sabina, akaamua: siku ya wazazi, mwalimu ambaye kazi ya wanafunzi wake itawafaa watu mbele ya wageni, ndiye atakayeshika ufunguo.

Siku ikafika. Wenzake wakiwa kwenye chai na maandazi, Reginald akajifungia karakanani kuchungulia kazi ya darasa la Aikande. Akakuta kigoda cha mwanafunzi Naserian: miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi. Akaweka pimamaji juu yake kupima usawa, povu likakimbilia pembeni. Akacheka. Kisha akakumbuka. Bibi yake Naserian anakamua ng'ombe huko juu Olkokola, ambako hakuna ardhi ya kulaza hata yai. Kigoda hiki kingekaa sawa kwenye mteremko!

"Kwa nini sikuwaza mimi?" akanong'ona. Iliuma kuliko jino.

Akachukua msumeno. Miguu mirefu ikawa sawa na mifupi. Mkono wake haukuzoea kuacha mbao na makovu, basi akapiga na msasa kabisa.

Wageni wakapelekwa nyuma ya jiko, kwenye mteremko, alikofungwa ng'ombe wa shule. Bibi Naeku, bibi yake Naserian, akakaa kwenye kigoda, akashika chuchu za ng'ombe, akaanza kukamua. Kigoda kikainama, bibi akateleza, ndoo ikamfuata. Bibi alikamatwa na majani akabaki anacheka, ila ndoo haikusimama. Wapo wanaoapa iliingia kata ya Sokon I, huko chini, bado inaviringika, na maziwa hayajamwagika.

"Mjukuu wangu, umenitengenezea kiti au farasi?" bibi akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Naserian machozi yakamlenga. Reginald akaushika ufunguo kifuani, akausikia una joto.

Aikande akakigeuza kigoda juu chini. "Kimekatwa," akasema. "Mbao bado nyeupe. Lakini jamani, aliyekata anajua! Tazameni, hakuna hata unyuzi uliochanika."

Madam Sabina akavaa miwani, akainama. "Huyu atakuwa Lekishon tu, wa darasa la Mwalimu Reginald. Kijana ana mkono huyo. Nadhani amempita hata mwalimu wake."

"Amempita kabisa," mzazi mmoja akadakia.

Reginald angenyamaza tu, lawama ingemwangukia Lekishon, na ufunguo ungekuwa wake. Lekishon mwenyewe, nyuma ya wageni, alikuwa anatikisa kichwa kwa hofu.

"Mkato kama huu," Madam Sabina akaendelea, "sijauona Arusha nzima."

"Lekishon!" Reginald akalipuka. "Lekishon hakati hata mkate! Huo mkato ni wangu!"

Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

Madam Sabina akanyoosha mkono. Reginald akauvua ufunguo polepole, kamba ikamkwama sikioni, akaukabidhi. Madam Sabina akampa Aikande.

"Jumatatu uje, kaka Reginald," Aikande akasema. "Utamrudishia Naserian miguu ya kigoda chake, na wanafunzi watazame unavyokata. Ila kwanza utamuuliza bibi urefu anaoutaka."

"Nitakuja," Reginald akajibu huku anatazama chini.

Akapiga hatua mbili, akageuka.

"Madam, samahani. Ulisema Arusha nzima, au ni pamoja na Moshi?"