Sentensi Moja ya Fundi wa Maji

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa vikao katika baraza la mji wetu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye meza ndogo kando ya mwenyekiti na kuandika nani kasema nini. Nimewaona madiwani wakisinzia, wakazinduka na kuunga mkono hoja ambayo hawakuisikia. Ya kusinzia sikuyaandika. Niliandika tu kwamba wajumbe wote waliafiki.

Nilipostaafu nikaandika kitabu. Kilihusu mambo ninayoyajua: siasa za baraza, kazi ya kuandika, na kuvua trauti, yule samaki wa madoadoa apendaye maji baridi ya milimani. Wachapishaji watatu walinirudishia mswada. Wa kwanza alisema siasa zimezidi, wa pili akasema samaki wamezidi, wa tatu aliurudisha bila kufungua bahasha. Basi nikaamua kukichapisha mwenyewe.

Niliandikia katika chumba cha mke wangu cha kushonea, kwa kuwa ndicho chenye meza ndefu na mwanga. Yeye na cherehani upande huu, mimi na kompyuta yangu kuukuu upande ule, vipande vya vitambaa katikati. Kila sura niliyomaliza aliisoma. Siku moja alimaliza ile ya trauti, akavua miwani.

"Mzee, sura tamu hii. Lakini Fundi mbona anapita humu kama kivuli? Miaka tisa mnavua pamoja. Ndoano umeipa kurasa nne, yeye mistari miwili."

"Fundi si mtu wa maneno mengi."

"Ni wewe unayeyakwepa. Kuna kitu."

Mke wangu akisema kuna kitu, kipo. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza.

Fundi alikuwa fundi mkuu wa idara ya maji. Baraza lilipotaka kujenga banio, ukuta wa kuzuia maji, pale darajani ili kuchepusha maji ya mto, yeye peke yake alisimama kikaoni na kusema kwamba trauti hupanda juu kutaga mayai, na banio lisipoachiwa njia ya samaki, chini ya daraja watakwisha. Mwenyekiti alimshukuru. Kikao kilipofungwa akaniinamia, akasema kwa upole, "Karani, lile la fundi halikuwa kwenye ajenda. Liache." Nikaliacha. Ilikuwa sentensi moja tu, na mimi nilikuwa na watoto wawili shuleni.

Samaki walikwisha. Wavuvi wakalalamika, kamati ikaundwa, ikauliza kama kuna mtaalamu aliyeonya. Fundi akasema, "Mimi nilionya." Wakafungua kumbukumbu. Hamna kitu. Wakamwita mwongo mbele ya kamati nzima, wakamwondoa kwenye ukuu wa mafundi, wakampeleka kusoma mita nyumba kwa nyumba hadi alipostaafu. Siku ile jalada nililishika mimi. Nililifungua pale walipotaka, nikalifunga, nikakaa.

Mwaka uliofuata nilimkuta akivua mtoni, upande wa juu wa banio, nikamsalimia. Mwanzoni nadhani dhamiri ilikuwa ikinisuta tu. Baadaye ukawa urafiki wa kweli, na hapo ndipo kusema kulipozidi kuwa kugumu.

Mke wangu alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Kiandike," alisema. "Na yeye asome kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nikaandika. Watu hudhani mwanasiasa kazi yake ni kudanganya. Kwa nilivyoona mimi, uongo ni kazi ngumu na wengi wao ni wavivu. Wanachokifanya ni kuamua nini kisiandikwe, na kwa hilo wanahitaji mtu mwenye kalamu. Hayo niliyaandika harakaharaka, yakanipendeza. Ile sentensi ya Fundi, iliyofuata chini yake, ilinichukua wiki nzima.

Mpiga chapa alinitolea nakala mia mbili. Ya kwanza nikaipeleka kwa Fundi. Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba yake akifungua mita mbovu, skrubu kazipanga juu ya gazeti. Nikamwonyesha ukurasa wa sabini na moja. Aliusoma akiwa amesimama, akarudia, akafunga kitabu.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Siku zote nilidhani ni mwenyekiti kaikata baadaye. Nenda nyumbani, kaka."

Mwezi mzima hakuja mtoni. Nilikwenda peke yangu. Trauti husimama akitazama maji yanakotoka, kwa hiyo unamwendea kwa nyuma, taratibu, na chambo cha nyuzi na manyoya unakitua juu ya maji kana kwamba mdudu ameanguka. Mimi nilikuwa nakibamiza kama mtu anayefua. Vitabu navyo viliuzwa kumi na kimoja. Kimoja alinunua diwani mmoja, akaniuliza kama na yeye yumo. Nilipomwambia hayumo, alisikitika.

Wiki ya tano, asubuhi, mlango wa chumba cha kushonea uligongwa. Fundi alikuwa na kitabu mkononi, kimejaa alama za penseli.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu, ondoa hivyo vitambaa ukae."

Akakaa. Mimi hakunisalimu.

"Umekosea," alisema. "Umeandika nilisema trauti wataisha kwa miaka mitatu. Sikusema mitatu. Nilisema miwili."

"Una hakika?"

"Nilivunjiwa heshima kwa ajili ya sentensi ile. Unadhani naweza kuisahau?"

Tukavuta maboksi kutoka chini ya meza ya kukatia, tukaanza kusahihisha kwa kalamu nyeusi, nakala moja baada ya nyingine. Mimi nilifuta na kuandika, yeye alikagua. Tatu alinirudishia kwa sababu mwandiko ulikuwa mbaya. Mke wangu aliendelea kushona, lakini nilimwona akitazama dirishani ili asicheke.

"Fundi," nilimwambia tulipofika katikati, "nakuomba radhi."

"Nimesikia. Hilo bado. Lete boksi jingine."

Tulipomaliza akataka niandike barua kwa baraza, niseme wazi kwamba kumbukumbu za kikao kile zina pengo, pengo lenyewe ni lipi, na nani aliyelifanya. Niliandika, nikatia sahihi. Baraza lilijibu kwamba kumbukumbu zilizokwisha kuthibitishwa hazibadilishwi, ila barua yangu itaambatishwa kwenye jalada. Mimi najua kuambatisha maana yake nini: pini moja, na vumbi. Fundi hakutaka kuamini pini. Alinichukua mpaka masijala, akamwomba karani wa sasa alete jalada, akaisoma barua yote mle ndani ya jalada, neno kwa neno, watu wakipanga foleni nyuma yetu. Kisha akamwomba dada yule aipige muhuri wa tarehe. Muhuri ukapigwa. Tukatoka.

Ijumaa jioni akanipigia simu. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Juu ya banio maji bado ni baridi na trauti bado wapo. Alivua mmoja, akamrudisha. Tulikaa kwenye mawe, akawa anakunja mshipi wake wa kuvulia muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nikwambie," alisema. "Mke wangu hakujua habari za kamati. Wakati ule nilimwambia nimeomba mwenyewe kusoma mita, eti napenda kutembea. Juzi nikampa kitabu chako asome."

"Akasemaje?"

"Hajasema. Siku ya nne leo. Chai najipikia mwenyewe."

Sikujua nicheke au nimpe pole. Nilimpa pole, lakini kicheko kikatangulia, naye akacheka, samaki wote wa eneo lile wakakimbia.

"Sasa wewe mzoefu," aliniuliza, akijifuta macho kwa mkono wa koti, "mtu anaanzaje kuomba radhi?"

Nikamwambia aanze na tarehe, kama kumbukumbu za kikao chochote.