Kaburi la Nahodha

Winnie hajapata kuishi Mombasa hata wiki moja, lakini ndiye aliyeandika karatasi ya ziara: "Siku Moja na Athari za Waturuki, pamoja na Soko la Viungo." Aliiandika akiwa ofisini kwake Nairobi, akaituma Istanbul, wageni tisa wakapanda ndege. Kisha ndipo akampigia simu Idarus, mtembeza wageni mzaliwa wa Mji wa Kale, kumwambia awaonyeshe hizo athari.

Idarus alimweleza pole pole. Waturuki walikuja kweli, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, wakajenga kiboma kidogo ufukweni. Wareno wakaja wakakivunja. Halikubaki hata jiwe. Winnie akamjibu kwamba makundi mengine sita yanakuja kabla ya Disemba, na hili la kwanza likirudi na manung'uniko, hayo sita atapewa mtu mwingine. Tangu Idi iliyopita Idarus alikuwa hajapata kundi hata moja. Akakubali.

Basi ikawa asubuhi ya kujikaza kisabuni. Mbele ya kila kitu, Bi Nermin, mwalimu mstaafu aliyekuwa msemaji wa wenzake, alikuwa na swali lile lile kwa Kiingereza chake kilichonyooka: hiki ni cha Waturuki? Ngome kubwa ni ya Wareno. Mlango wa nakshi ulichongwa na fundi wa Kihindi. Hata mzinga ambao Idarus aliutegemea, mgeni mmoja mwenye miwani aliinama, akasoma maandishi yake, akatangaza kuwa ni wa Waingereza. Saa sita wakafika Marikiti, soko la viungo. Swafia, muuza viungo, akawasagia bizari ya pilau mbele ya macho yao, harufu ikajaa njia nzima, nao wakaitazama kama watu waliokuja kununua viatu wakaonyeshwa kofia. Bizari, alisema Bi Nermin, hata kwao ipo.

Ujumbe wa Winnie ukaingia kwenye simu: wageni wanalalamika, fanya kitu. Utadhani Idarus alikuwa na kiboma cha Waturuki amekificha chini ya kitanda.

Wakirudi kwenye basi walipitia nyuma ya msikiti mdogo wenye makaburi machache. Bi Nermin akasimama, jasho likimtiririka.

"Hata kaburi moja?" akauliza. "Watu wetu walikufa hapa. Hamkuzika hata mmoja?"

Idarus alikuwa amechoka hoi. Mkono ukainuka wenyewe, ukaonyesha kaburi la mawe lisilo na jina. "Lile," akasema. "Nahodha wao."

Hakutazamia yaliyofuata. Bi Nermin alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya jiwe, akalia. Wote tisa wakainua mikono wakasoma Fatiha, hata yule wa miwani. Halafu Bi Nermin akataka jina la marehemu, apate kumwombea vizuri.

"Abdullah bin Yazid," akasema Idarus, kwa sababu ndilo lililokuja mdomoni, na ndilo jina la kweli la aliyelala pale. Alikuwa babu yake mzaa baba, Mshihiri, Mwarabu wa ng'ambo aliyeuza kahawa chungu barabarani miaka arubaini, na ambaye hakupanda tena chombo tangu siku aliyoshuka bandarini. Zamani Idarus alikuwa akimzuru kila Idi. Siku hizi Idi ni msimu wa wageni. Aibu ikampanda mpaka masikio yakamwaka.

Walipoingia kwenye basi Winnie akapiga simu, furaha tele. Bi Nermin ameshampelekea picha ya kaburi. Idarus akamkatiza.

"Yule ni babu yangu, Winnie. Alikuwa muuza kahawa."

Winnie akauliza: "Wageni wanajua?"

"Hawajui."

"Basi waache hivyo hivyo."

Hakuweza. Alisimama mbele ya basi akawaambia yote. Yule wa miwani akafoka, akataka arudishiwe fedha zake. Bi Nermin hakumtazama Idarus, aliuliza tu, "Na Fatiha zetu?"

"Zimemfikia, bibi," akasema Idarus. "Mimi mwenyewe hii Idi ya tatu sijamsomea."

Makundi sita akapewa Arnold, karani wa ofisi ya Nairobi. Kwenye karatasi yake Winnie hakubadilisha kitu, isipokuwa aliongeza kaburi.

Ijumaa iliyofuata Idarus, asiye na kazi, alichukua ndoo ya chokaa na chupa ya marashi ya mawaridi, akaenda kulisafisha kaburi la babu. Akakuta wageni kumi na wawili wamelizunguka, na Arnold, kofia mkononi, akiwasimulia jinsi Nahodha Abdullah bin Yazid alivyopigana na Wareno siku tatu bila kulala.

Damu ilimpanda Idarus kichwani. Alikuwa ameshafungua kinywa amfukuze mbele za watu. Lakini wageni walikuwa wamekwisha kuinua mikono, mzee mmoja ameanza Alhamdu, na Fatiha haikatizwi. Akaweka ndoo chini, akainua mikono yake, na walipomaliza akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.